Barua ya wazi: Siku ya msiba wa taifa, wakumbukeni wenye miaka mitano

Kwenu wakuu wa elimu, wahariri wa vyumba vya habari, na nyote mnaoshika kipaza sauti siku nchi inapolia,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu wa darasa la awali. Wanafunzi wangu wana miaka minne hadi sita, na baadhi yao bado huvaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Naandika kwa sababu ya swali nililoulizwa asubuhi moja baada ya msiba mkubwa. Nilishindwa kulijibu, na tangu siku ile halijaniacha.

Usiku wake kiongozi alikuwa amesema redioni kwamba taifa limepata pigo kubwa. Asubuhi msichana wa miaka mitano alinifuata mezani, akasogea karibu kabisa kama wanavyofanya wakiwa na siri, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, taifa ni nani? Nani kampiga?"

Nilimwambia akakae.

Msiba wenyewe sitautaja. Kila nchi ina wake, na hata kabla hamjafika mwisho wa barua hii kila mmoja wenu atakuwa ameshaukumbuka wa kwake. Nazungumzia siku zile zinazoshusha bendera nusu mlingoti. Siku hizo mnapanga mambo mengi, na mengi mnayapanga vizuri: magari, hospitali, tamko, siku za maombolezo, ratiba ya viongozi. Maneno ya kumwambia mtoto mdogo hayapangwi na mtu yeyote. Hayo ndiyo ninayoyaomba.

Asubuhi ile tulikuwa tumepewa agizo kwamba walimu wasizungumzie tukio hilo na wanafunzi mpaka mwongozo utolewe. Mwongozo haukuja. Naamini aliyeliandika agizo lile alikuwa na nia njema. Alidhani mtoto asiyeambiwa ni mtoto asiyejua. Nami nikatii. Tuliimba nyimbo zetu za kila siku, tukahesabu hadi ishirini, tukapaka rangi. Nilipogeuka, kwenye pembe ya vitu vya kuchezea watoto wanne walikuwa wamewalaza wanasesere sakafuni kwa mstari, wamewafunika nyuso kwa vipande vya kitambaa. Mmoja alikuwa anawahesabu. Alifika saba, akarudi moja, akahesabu tena. Hakuna mtu mzima aliyewafundisha mchezo ule. Walikuwa wameona kwenye simu ya mtu, au kwenye runinga iliyoachwa ikiwaka sebuleni, au kupitia bega la mzazi aliyedhani mtoto amesinzia.

Wiki hiyohiyo mama mmoja alinieleza kwamba kila asubuhi kiatu chake kimoja hakionekani. Amekitafuta mpaka amechelewa kazini, na siku ya tatu akakikuta chini ya godoro la mwanawe. Mtoto hakuwa mtundu. Alikuwa amepiga hesabu yake: watu waliokufa walitoka nyumbani asubuhi, na mama asiye na kiatu hatoki. Yale tuliyoyaficha darasani yalikuwa yamefichuka huko, chini ya godoro, mahali ambapo hapakuwa na mwalimu wa kuyajibu.

Niruhusuni nieleze kidogo vichwa hivi vidogo vinavyofikiri, maana agizo lile liliandikwa kana kwamba havifikiri. Mwaka 1948 mtafiti Maria Nagy alichapisha matokeo ya kazi yake na watoto wa Hungaria, aliowauliza kuhusu kifo. Walio chini ya miaka 5 walikiona kifo kama safari au usingizi: aliyekufa yupo mahali fulani, anaendelea na maisha yaliyopungua, na anaweza kurudi. Watafiti waliofuata wanasema mtoto ana mambo matatu ya kujifunza hapa, na hayaji yote kwa siku moja. La kwanza ni kwamba mwili uliokufa umeacha kufanya kazi zake zote, haupumui, hausikii baridi wala njaa. La pili ni kwamba haurudi. La tatu ni kwamba kila kilicho hai hufa. Wengi huyashika kati ya miaka 5 na 7, wengine kabla ya hapo, wengine baadaye. Ndiyo maana mtoto wa miaka minne anaweza kukusikiliza kwa makini ukimweleza kwamba mtu fulani amekufa, akatikisa kichwa, kisha jioni akauliza atarudi lini. Hajakudharau, wala hakuwa amelala ulipokuwa unaeleza. Anakijenga kitu kikubwa kwa matofali madogo, na kila swali ni tofali.

Kuna jingine linaloniuma zaidi. Jean Piaget, aliyechunguza fikra za watoto kwa miaka mingi, alionyesha jinsi mtoto wa umri huu anavyouona ulimwengu akiwa yeye ndiye kitovu chake, na jinsi anavyoweza kuamini kwamba wazo lake au neno lake limesababisha jambo litokee. Mvulana mmoja wa darasani kwangu aliniuliza, siku ya nne, kama haya yametokea kwa sababu alikataa kulala. Siku nne alikuwa ameubeba mzigo huo. Ningevunja agizo siku ya kwanza, nikasema sentensi moja tu, kwamba hili si kosa la mtoto yeyote, angeutua mapema.

Sasa nifike kwenye lugha, kwa sababu hapa ndipo sisi watu wazima tunapowapoteza watoto bila kujua. Kiswahili kimejaliwa maneno ya upole kuhusu kifo. Tunasema marehemu ametutoka, ametangulia mbele ya haki, amelala usingizi wa milele, tumempoteza, Mungu amempenda zaidi. Nayapenda maneno haya. Yamenishika mkono kwenye misiba yangu mwenyewe. Lakini yasikilizeni kwa sikio la mtoto wa miaka minne. Ametutoka: ameenda wapi, na mbona hakuaga? Ametangulia: basi sisi tunamfuata lini? Tumempoteza: mbona hamumtafuti? Nikipoteza penseli tunaitafuta darasa zima. Amelala: na mimi leo usiku nikilala? Nimemwona mtoto akipigana na usingizi mchana kweupe, macho mekundu, akijifinya mkono asisinzie, kwa sababu ya neno hilo moja.

Najua kwamba "amekufa" ni neno linalotukwaruza kooni. Wengi tumelelewa kuona kwamba kulitamka juu ya binadamu ni kumvunjia heshima, na mbele ya wafiwa watu wazima sishauri mtu alitumie hivyo. Kwa mtoto mdogo, hata hivyo, ndilo neno pekee lisilomdanganya. Kuku hufa, mti hufa, analijua. Ukimwambia "amekufa, maana yake mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui tena, haumwi tena, na hawezi kurudi", umempa mahali pa kusimama. Mambo ya imani mzazi atamweleza nyumbani kwa namna ya nyumba yake, na yatakaa vizuri juu ya msingi huo. Yakitangulia msingi, mtoto hubaki akimngoja mtu dirishani.

Hata maneno ya kwenye matamko yenu huwafikia. Pigo, simanzi, giza limetanda, nchi imezizima. Bendera ilipokuwa nusu mlingoti mtoto mmoja aliniuliza kama imechoka. Siwaombi muache kuzungumza na watu wazima kwa lugha ya watu wazima. Naomba tu, mwishoni mwa tamko, mwongeze dakika moja kwa ajili ya watoto.

Hili limeshafanyika, na waliolifanya hawakupungukiwa na heshima. Januari 28, 1986, chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu saba waliokuwemo wakafa. Mmoja wao alikuwa mwalimu, Christa McAuliffe, na kwa ajili yake watoto wengi walikuwa wamekaa madarasani wakitazama moja kwa moja. Jioni ile Rais Ronald Reagan aliahirisha hotuba kuu aliyokuwa atoe bungeni, akazungumza na nchi, na ndani ya hotuba hiyo fupi akawageukia wanafunzi waliokuwa wameona kwa macho yao, akazungumza nao wao. Machi 16, 2020, wakati wa korona, Waziri Mkuu wa Norway, Erna Solberg, aliitisha mkutano na waandishi wa habari ambao haukuwa na nafasi kwa maswali ya watu wazima. Yaliyojibiwa yalikuwa ya watoto peke yao, na aliwaambia kwamba si vibaya kuogopa mambo mengi yanapotokea kwa pamoja. Na mapema zaidi, Juni 1968, siku chache tu baada ya Robert Kennedy, seneta aliyekuwa akigombea urais wa Marekani, kupigwa risasi, Fred Rogers, mtangazaji wa vipindi vya watoto nchini Marekani, alitayarisha kipindi maalumu. Ndani yake kikaragosi kiliuliza kile ambacho watoto wa nchi nzima walikuwa wanajiuliza: neno hili linalosemwa kila mahali, la kiongozi kuuawa, maana yake ni nini?

Wahariri, sasa nazungumza nanyi. Septemba 11, 2001 na siku zilizofuata, runinga zilirudia picha zilezile za ndege zikigonga minara ya New York mara nyingi mno. Wazazi na walimu walisimulia jinsi watoto wadogo walivyodhani kila marudio ni ndege nyingine, jengo jingine, watu wengine. Mtu mzima anajua hii ni video ileile. Mtoto wa miaka minne hajui neno "marudio". Siku chache baadaye watafiti wa Marekani waliwahoji watu wazima 560 kwa simu, na matokeo yakachapishwa Novemba mwaka uleule. Kwa maelezo ya wazazi, asilimia 35 ya watoto walikuwa na angalau dalili moja ya msongo, na asilimia 47 walihofia usalama wao au wa wapendwa wao. Siku ya tukio watoto walikuwa wametazama habari hizo kwa wastani wa saa 3. Pale ambapo wazazi hawakuweka mipaka, saa zilivyoongezeka ndivyo dalili zilivyoongezeka. Kabla ya hapo, baada ya mlipuko wa bomu wa Oklahoma City, Marekani, wa Aprili 19, 1995 uliowaua watu 168, wakiwemo watoto 19, watafiti waliwachunguza wanafunzi walioishi mbali na mji huo. Miaka miwili baadaye bado kulikuwa na wenye dalili, na zilihusiana na habari walizozipata kwenye vyombo vya habari.

Kazi yenu naijua ni ya lazima, na sisemi mfiche. Naomba mambo madogo. Picha za miili na za mlipuko zisizungushwe nyuma ya mtangazaji kama pambo la ukutani. Andikeni kwenye picha tarehe na neno "jana" au "juzi", mtangazaji akasema kwa sauti kwamba tukio hili limetokea mara moja. Toeni onyo mapema, kwa sekunde za kutosha mzazi kuinuka na kuifikia runinga, si neno moja ambalo picha imeshalipita. Na kama mna uwezo wa kurusha saa nyingi za mjadala wa wataalamu, mna uwezo wa dakika tano za habari za watoto. Uingereza, BBC ilianza taarifa ya habari ya watoto Aprili 1972, na mpaka leo haijaonekana kuwa anasa.

Kwenu wakuu wa elimu, ombi langu ni karatasi moja. Sihitaji kitabu, semina wala kamati. Nahitaji karatasi yenye maneno ya kweli, machache, yaleyale kwa kila darasa la wadogo, ili mtoto asisikie hivi kwangu na vile kwa jirani. Ikinianzishia kwa swali, itakuwa bora zaidi: "Mmesikia nini?" Kwa sababu mara nyingi alichosikia ni kibaya kuliko kilichotokea, na siwezi kukiondoa nisichokiona. Kisha iseme, kwa mfano:

"Jana kumetokea jambo baya na la kusikitisha sana. Watu wengi wameumia, na wengine wamekufa. Mtu akifa, mwili wake huacha kufanya kazi, na hawezi kurudi. Hili si kosa la mtoto yeyote. Watu wazima wengi wanawasaidia walioumia. Ukiwaona watu wazima wanalia, ni kwa sababu wana huzuni, na kulia kunaruhusiwa. Leo tuko hapa pamoja. Ukiwa na swali, niulize, hata kama uliniuliza jana."

Nimeisoma kwa sauti nikiwa na saa mkononi. Haichukui dakika moja. Mtoto mdogo hahitaji zaidi ya hapo kwa mara ya kwanza. Atachukua anachoweza, atarudi kucheza, kisha atakuja tena siku ya pili na swali jingine. Mchezo wake wa kuwalaza wanasesere usipigwe marufuku. Nimejifunza kukaa chini pembeni yao na kuuliza, "Na hawa wanasaidiwa na nani?" Siku ile nilipouliza, mtoto aliyekuwa anahesabu alinyanyuka akaenda kuleta gari la mbao.

Msituagize tuwaahidi kwamba haitatokea tena. Hatujui, nao wakigundua kwamba tulisema tusichokijua hawatatuamini tena hata kwenye mambo tunayoyajua. Naweza kumwambia mtoto nani atamchukua leo, na kwamba nikichelewa nitapiga simu. Hizo ni ahadi ninazoweza kuzitimiza.

Kama msiba umeletwa na mikono ya watu, karatasi hiyo iwe na sentensi moja zaidi, na hii naiomba kwa msisitizo. Iseme kwamba waliofanya ni watu wachache waliotenda vibaya sana, na kwamba hakuna mtoto wala familia ya kulaumiwa kwa jina lake, kabila lake, dini yake au mahali alikotoka. Watoto husikia watu wazima wakisema "wale". Kesho yake darasani "wale" anakuwa na sura, na sura hiyo ni ya mtoto wa miaka mitano anayekaa dawati la pili, ambaye hajui kwa nini leo hakuna anayetaka kumshika mkono kwenye foleni.

Na mtukumbuke walimu pia, kwa sababu siku hiyo nasi tumefiwa. Kuna mwenzangu aliyesimama mbele ya darasa akiwa hajui ndugu yake yuko wapi. Hakuna aliyemwuliza. Karatasi iseme wazi kwamba mwalimu asiyeweza siku hiyo aruhusiwe kumpisha mwenzake, bila kuandikiwa barua ya kujieleza.

Mtaniambia watoto husahau. Oktoba 21, 1966, lundo la taka za mgodi wa makaa ya mawe liliporomokea kijiji cha Aberfan, Wales, likaifunika shule. Walikufa watoto 116 na watu wazima 28. Baadhi ya watoto walionusurika wamesimulia walipokuwa watu wazima kwamba waliacha kucheza nje, kwa sababu hawakutaka kuwaumiza wazazi waliofiwa kwa kuonekana wakiwa hai. Hakuna aliyewakataza. Walijikataza wenyewe, kimya kimya, kwa sababu kulikuwa na kimya pande zote. Watafiti waliporudi kwa walionusurika miaka 33 baadaye, karibu nusu ya waliochunguzwa walikuwa wamewahi kuugua ugonjwa wa msongo unaofuata maafa katika maisha yao, na kwa wengine ulikuwa haujaisha. Kwa hiyo karatasi ya siku ya kwanza pekee haitoshi. Mtoto aliyerudia kukojoa kitandani, anayeng'ang'ania nguo ya mzazi mlangoni, au aliyeacha kuzungumza, mara nyingi hutulia baada ya wiki kadhaa akikaa na watu anaowaamini na ratiba anayoijua. Mwezi ukipita bila nafuu, mwalimu ajue ampeleke kwa nani, kwa jina na kwa namba ya simu. Na kumbukumbu ya mwaka inapofika, tuambieni mapema. Mara ile niliiona kwenye runinga asubuhi yenyewe, kama walivyoiona wao.

Nchi karibu zote zimeuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989. Kifungu cha 13 kinampa mtoto haki ya kutafuta na kupokea habari. Kifungu cha 17 kinazitaka nchi zivihimize vyombo vya habari vimfikishie habari zenye manufaa, na zihimize iwepo miongozo ya kumkinga na zinazomdhuru. Vifungu hivyo viwili havipingani. Ukivisoma pamoja vinaeleza karatasi ninayoiomba.

Yule msichana nilimjibu baada ya wiki mbili. Nilimwita mezani, nikainama tukawa macho kwa macho, nikamwambia kwamba taifa ni watu wote wa nchi yetu, yeye na mimi tukiwemo. Nikamwambia hakuna aliyempiga taifa kwa mkono. Watu wengi walikufa siku moja, na watu wazima wakiwa na huzuni kubwa husema "tumepata pigo" kwa sababu huzuni inauma kama kupigwa. Alinitazama. Akauliza kama hao watu wanaumwa bado. Nikamwambia hapana, waliokufa hawaumwi. Akasema "haya", akarudi kwenye rangi zake.

Ilinichukua wiki mbili kuyapata maneno yale, na niliyatafuta peke yangu. Iandikeni karatasi sasa, wakati hakuna msiba, na nafasi ya kujaza kilichotokea muiache wazi. Siku ikifika, itufikie kabla hatujafungua mlango wa darasa. Watoto huwa wameshajipanga nje, na huanza kuuliza kabla hawajaweka mabegi chini.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa darasa la awali